Kushuka Mbamba Bay ni Bure, Kurudi Mbinga Ndo Kuna Hesabu

Tangu mkeka ukamilike kutoka Mbinga mpaka Mbamba Bay, kitaa kimepata ugonjwa mpya. Kila mshikaji mwenye vijisenti vya kahawa anataka chuma cha mashindano: tairi jembamba, usukani uliokunjwa kama pembe za kondoo, gia kibao. Simlaumu mtu. Ni kilomita 67 za lami inayokata milima ya Umatengo. Kahawa na migomba huku, mashimo ya ngolo ya maharage na mahindi yamejipanga kwenye miteremko kule, halafu kona moja tu na Ziwa Nyasa hilo hapo chini, bluu mpaka unakosa la kusema. Wa bodaboda anaipita hiyo njia na kofia usoni. Wa baiskeli anaila kona kwa kona.

Sasa ishu inakuja dukani. Wanangu wengi wanachagua chuma kwa macho ya kushuka. Wanaangalia rangi, wanaangalia stika, wananyanyua fremu kwa kidole kimoja kupima uzito, tayari wanajiona wanapasua upepo na shati limejaa hewa mgongoni. Kushuka hakutaki akili wala hela, hata toroli linashuka. Uso wa Ziwa Nyasa uko mita 470 na kidogo juu ya usawa wa bahari. Mji wa Mbinga uko juu ya mita elfu moja. Ukishapiga samaki wako pale ufukweni, tofauti yote hiyo inakusubiri: zaidi ya nusu kilomita kwenda juu, na hapo hujahesabu vilima vinavyokushusha kidogo makusudi ili vikupandishe tena. Kwa hiyo mtu akiniuliza anunue baiskeli gani, simuulizi anapenda rangi gani. Namuuliza itamrudisha?

Tuseme una laki tatu. Umedunduliza kwenye kibubu, umeuza debe mbili tatu za maharage, msimu wa kahawa dingi amekukumbuka. Laki tatu siyo hela ya kuvimba nayo kwenye maduka ya baiskeli mpya za mashindano, huko ukiingia utatoka na kengele tu. Lakini kwenye mtumba ni hela ya heshima, ukijua unachokitafuta.

Tuanze na gia, maana hapo ndo watu wanapigwa kinoma. Chuma nyingi za zamani za Kijapani na za Ulaya zinazoshushwa Dar kwenye makontena zilitengenezwa miaka ya 70 na 80 kwa ajili ya vijana wa mbio. Mbele zina sahani mbili, meno 52 na meno 42. Nyuma zinaanzia 13, zinaishia 24. Ukiweka gia nyepesi kuliko zote, yaani 42 kwa 24, kila pedeli ikimaliza raundi moja baiskeli inasogea karibu mita 3.7. Kwenye tambarare utacheka. Kwenye kona za kutoka ziwani magoti yatakuomba talaka. Chuma chenye 34 mbele na 32 nyuma kinasogea mita 2.2 kwa raundi. Unasogea kidogo lakini unasogea, umekaa juu ya siti, unapumua, unaweza hata kumsalimia mama anayeshuka na kuni. Huyo wa 42 kwa 24 saa hiyo ameshashuka anasukuma, kama wazee wetu wanavyosukuma Phoenix zao, tofauti ni kwamba mzee yeye nyuma ana gunia la dagaa, kwa hiyo ana sababu.

Kwa hiyo ukifika kwa muuzaji usianze na bei. Piga magoti, hesabu meno. Atakuona mshamba, mwache. Ukikuta sahani tatu mbele usidharau. Mabishoo wanasema sahani tatu ni za wazee, lakini sahani ndogo ya meno 30 na nyuma 28 inakupa mita 2.25 kwa raundi, na huo ndo mlima wenyewe. Ukikuta 50 na 34, hiyo ni bahati, kausha sura usioneshe furaha. Na ukikuta 52 na 42 kwenye chuma ambacho vingine vyote viko freshi, bado siyo msiba. Friwili ya kufunga kwa nyuzi yenye meno 14 mpaka 28, ile inayokaa kwenye baiskeli za mlima za Kichina, mara nyingi inaingia kwenye habu ya zamani ya Kijapani. Chukua yenye idadi ya gia ileile iliyokuwepo, mwambie fundi apime kama mnyororo unafika na kama ule mkono wa gia wa nyuma unaubeba mzigo. Ukienda 42 kwa 28 umeshuka mpaka mita 3.15. Siyo raha, ila ni nafuu ambayo mapaja yako yataiona.

Najua kuna mtu hapo anasema gia nyepesi ni za wasio na msuli. Huyo aangalie Kigali. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli ya barabarani yalifanyika Rwanda, mara ya kwanza kabisa kuja Afrika. Wanaume walinyonga zaidi ya kilomita 260 kwenye vilima vya mji ule, na Tadej Pogačar wa Slovenia akaondoka na jezi ya upinde wa mvua. Chuma alichokalia unanunua bodaboda kadhaa na chenji ya mafuta inabaki. Lakini hata hao wababe siku hizi wanabeba gia nyepesi kuliko walizobeba kaka zao miaka thelathini iliyopita. Wamegundua kwamba mlimani anayezungusha miguu haraka anamaliza na nguvu bado anazo. Biniam Girmay wa Eritrea, aliyeshinda hatua tatu na kuchukua jezi ya kijani kwenye Tour de France ya 2024, amekulia Asmara, mji uliojengwa juu ya mlima. Watoto wa milima hii biashara tunaiweza. Tukikosa mahali, tutakosa kwenye sahani ya mbele.

Haya, ringi. Hapa naomba uvute kiti kabisa, maana ndo msala ambao muuzaji wa Dar hatakwambia. Mbinga ina mafundi wazuri tu, na maduka yana tairi na tyubu, lakini stoo yao imepangwa kwa ajili ya Phoenix na baiskeli za mlima. Wewe ukija na kitu chembamba cha ajabu, fundi atakuangalia kwa huruma. Kwa hiyo soma ubavuni mwa tairi. Achana na namba kubwa ya inchi, hiyo inadanganya kinyama. Tafuta namba ndogo ya tarakimu tatu, mara nyingi imeandikwa baada ya kistari: hicho ndo kipenyo cha ringi kwa milimita pale tairi linapokaa. Phoenix ya 28 ni 635. Baiskeli ya mlima ya 26 ni 559. Zile za Kijapani za akina mama zenye kikapu mbele ni 590, japo nazo zinaitwa 26, umeona uhuni huo? Chuma za mashindano za kisasa ni 622, ndo wanaita 700. Na chuma nyingi za zamani za mashindano ni 630, ndo wanaita 27.

Kati ya 622 na 630 kuna milimita nane tu. Ukiziweka pembeni kwa macho huoni kitu, lakini tairi la moja halikai kwa mwenzie. Tairi la 630 ni gumu kupata siku hizi, hata ukienda mjini. Mimi 630 nisingeichukua mpaka bei iwe ya kutupa na tairi zote mbili ziwe bado zina nyama. Chukua 622. Tyubu za 27 na 700 zinaazimana bila noma, tatizo ni tairi lenyewe. Na usije ukadata ukiona baiskeli za mlima za inchi 29 zimeandikwa 622 ukasema umetoboa: kipenyo kweli ni kilekile, ila tairi lake ni nene, halipiti kwenye fremu yako.

Upana nao uangalie. Tairi la milimita 23 lina mapigo makali kwenye picha, lakini lami inaishia stendi. Kutoka pale mpaka geto ni udongo mwekundu, na mvua za Novemba mpaka Aprili zikianza udongo wa Mbinga unakuwa sabuni. Tafuta fremu yenye nafasi ya kupitisha 28, ikiwezekana 32. Chomeka kidole kati ya tairi na fremu, pale chini ya breki. Kidole kikigoma, ujue umeuziwa baiskeli ya jua tu. Halafu valvu: kama ni ile nyembamba ya kufungua kichwa kwa vidole, nunua kidude cha shaba cha kuigeuzia hapohapo, kiweke mfukoni. Hakina bei, lakini bila hicho pampu ya fundi wa kijijini haina cha kukusaidia.

Unaipata wapi? Mbinga yenyewe utabahatisha. Songea, kilomita kama mia moja kurudi nyuma, unaweza kuokota kitu. Chaguo pana liko Dar, Kariakoo na Ilala, zaidi ya kilomita 900 kutoka Songea, na hapo ndo watu wanatumiwa picha kwenye simu, wanatuma hela, wanapokea kimeo kwenye buti la basi. Ushauri wangu ni wa kishamba ila haujawahi kuniangusha: kama huna mtu wako wa nguvu Dar anayeweza kwenda kuhesabu meno na kusoma namba ya tairi kwa macho yake, usitume hata msimbazi mmoja. Picha inaficha kutu. Picha inaficha fremu iliyopinda. Na stika ni karatasi, kuna Bianchi zimezaliwa juzi kwenye duka la kuchapisha matangazo.

Ukifika mwenyewe kwa muuzaji, mazungumzo yanaenda hivi.

"Shikamoo kaka. Hii chuma mwisho ngapi?"

"Marahaba mdogo wangu. Hiyo nakuachia laki tatu na nusu. Mjapani halisi, haijaguswa."

"Haijaguswa, halafu mnyororo una kutu hivi?"

"Kutu ya meli hiyo. Maji ya bahari."

Hapo usibishane, toa futi kamba ya fundi cherehani. Mnyororo mzima pini zake zimeachana nusu inchi, kwa hiyo ukianzia katikati ya pini moja, inchi 12 lazima idondoke katikati ya pini nyingine. Ikizidi kwa milimita tatu, mnyororo umekwisha na huenda umeshakula meno ya nyuma. Hiyo siyo sababu ya kusepa, ni sababu ya kushusha bei, na namba uliyoisoma mwenyewe inaongea kuliko kulalamika. Kisha shika mikono miwili ya krenki, itikise kulia na kushoto. Ikicheza, goroli zimechoka. Zungusha ringi ukiwa umeweka kucha karibu na breki, uone kama inayumba. Ringi ya chuma inayong'aa iache kama kuna mbadala, maana ikilowa breki zinateleza tu. Ringi ya alumini inashika. Simama ubavuni uangalie uma wa mbele: kama umerudi nyuma kidogo kuelekea mguu wa pedeli, hiyo baiskeli iligonga kitu, na hadithi yake hautaambiwa.

Beba na sumaku, ile ya spika mbovu ya redio inatosha. Ikinata kwenye fremu, ni chuma cha kweli. Siku ikipasuka, fundi wa kuchomelea pale Mbinga anaiunga kwa shaba na maisha yanaendelea. Isiponata, ni alumini au kitu kingine, nyepesi na tamu, lakini ikipasuka hakuna wa kuiunga kitaa. Kwa laki tatu na kwa milima hii, mimi niko upande wa sumaku. Kilo mbili za ziada utazilaani kidogo mlimani, ila hautazikuta zimekatika kwenye mteremko.

Namba ya fremu ipo chini ya krenki mara nyingi. Igeuze, isome, iandike. Mkiuziana mtaani, mkaandikishane kwa mwenyekiti wa mtaa, namba ikiwemo. Muuzaji akianza kuleta wenge kuhusu karatasi, hilo ni jibu tosha.

Saizi watu wanaichukulia poa, halafu mgongo unawadai. Vua viatu, simama ukutani, bana kitabu kati ya mapaja mpaka juu kabisa, pima kutoka sakafuni mpaka mgongo wa kitabu. Zidisha kwa 0.65. Ukipata sentimita 80 za mguu, fremu yako ni kama 52. Ukiiweka katikati ya miguu ukasimama na nyayo chini, bomba la juu lisikuguse. Madada nao hesabu ni hiyohiyo, msikubali kusukumiwa ya kikapu kwa sababu tu muuzaji ameona sketi. Mnaoteka maji na kupanda vilima hivi tangu utotoni mtatuacha wengi kwenye kona ya tatu.

Sasa kwenye laki tatu, chuma kisizidi laki mbili na kidogo. Najua inauma, ile ya laki tatu kasoro buku tano inang'aa pale pembeni. Lakini hela inayobaki ina kazi. Breki mpya za mpira mbele na nyuma kabla ya kitu kingine chochote. Kofia ngumu. Tyubu mbili za akiba, maana hautazikuta njiani, na viraka na solisheni. Pampu ndogo. Taa nyekundu ya nyuma, kwa sababu ukungu wa Juni na Julai huku juu dereva hakuoni mpaka akukanyage. Ukibaki na buku kadhaa, mafuta ya mnyororo, siyo yale machafu yaliyomwagwa kwenye injini ya pikipiki, hayo yanabeba mchanga.

Wengine watakwambia hiyo hela ungeanzia nayo kudunduliza bodaboda. Wana hoja, sibishi. Bodaboda inaleta ugali. Ila bodaboda inataka mafuta kila asubuhi, na wewe ukiwa na baiskeli mafuta yako ni viazi na maharage ya maza. Kenya kuna mtoto mmoja alijifunzia baiskeli kijijini Kikuyu kwa David Kinjah, jamaa wa rasta ambaye mpaka leo anakusanya vijana na vyuma vya kuungaunga. Mtoto yule ni Chris Froome, akaja kushinda Tour de France mara nne, 2013 na kisha 2015 mpaka 2017. Sikwambii utakuwa Froome. Nakwambia chuma cha kuungaunga kina historia yake.

Upande wa barabara, jifunzie kwanza njia ya Mbamba Bay, hiyo ya kwenda Songea ihofu. Ukishafika Kitai unakutana na malori ya makaa ya mawe kutoka Ngaka, na lori lililobeba makaa halina huruma na mtu wa tairi la milimita 28. Kushuka ziwani usining'inie kwenye breki moja kwa kilomita nzima, ringi inachemka na tyubu inaweza kupasuka. Bana kwa nguvu kabla ya kona, achia, bana tena. Mikono yote miwili. Na mbuzi wa huku hawasikii kengele, piga kelele.

Mbamba Bay ukifika, usiende kujitupa majini jasho likiwa bado. Kula kwanza: mbasa na ugali wa muhogo, maji mengi. Ukikuta MV Mbeya II imetia nanga kutoka upande wa Kyela kutakuwa na nyomi na bei ya msosi inapanda, kwa hiyo wahi. Saa nane jua likiwa kali usianze mlima. Lala chini ya mwembe, ondoka saa tisa na nusu kama umejiamini, au lala kabisa uondoke alfajiri. Taa zako ziwe na moto.

Na ukisanda katikati ya mlima, hakuna aibu, Kosta zinapita. Simamisha, ila nauli ya baiskeli mpatane ukiwa bado umeishika mkononi, maana ikishafungwa kamba juu ya keria, konda ndo anapanga bei.